Bawa Lililokuwa Rejeta

Mhadhara uliotolewa Kisumu mbele ya mafundi na wanafunzi wa mitambo

Wazee wetu, mafundi wenzangu, na nyinyi vijana mnaosomea mitambo, hamjambo? Nashukuru kwamba mmeziacha karakana zenu Jumamosi mchana, na najua kwa fundi wa Kibuye hiyo ni sadaka kubwa.

Nianze na jambo ambalo kila mmoja hapa amelishuhudia. Matatu imejaa, inapanda kutoka Ahero kwenda Kericho, jua la saa nane liko utosini. Inafika mahali inasimama kando ya barabara, boneti inafunguliwa, mvuke unapanda, na makanga anatumwa kutafuta maji. Gari limechemka. Basi, ndege iliyozishinda zote duniani kwa kasi mwaka 1934 ilikuwa na shida iyo hiyo ya matatu ya Kericho. Walioitatua walilazimika kuugeuza karibu mwili wake wote uwe rejeta.

Ndege hiyo ni Macchi M.C.72 ya Italia, na aliyeichora ni Mario Castoldi. Tarehe 23 Oktoba 1934, rubani Francesco Agello aliirusha juu ya Ziwa Garda kwa mwendo wa kilomita 709 kwa saa. Haikuwa na magurudumu. Ilikuwa na maboya mawili chini yake, marefu kama mitumbwi ya Dunga, na iliondoka majini ikarudi majini.

Mtauliza, kwa nini ndege ya kasi ibebe maboya? Wazee wetu wa hapa hawakuona ajabu kwa ndege kutua majini. Katika miaka ya 1930 ndege za Imperial Airways, shirika la ndege la Uingereza, zilikuwa zikitua kwenye ziwa hili letu, hapa Kisumu, zikipita njia ya kwenda kusini mwa Afrika. Zile zilikaa majini kwa tumbo, kama mashua. Za mbio zilisimama juu ya maboya, na sababu ilikuwa uwanja.

Ndege ya mbio ina mabawa madogo, kwa hiyo inahitaji kasi kubwa kabla haijainuka. Propela za wakati ule zilikuwa na pembe moja isiyobadilika. Ukiipa propela pembe ya kufaa mwendo wa kilomita 700, basi mwanzoni ndege inapotambaa, propela hiyo inaikata hewa vibaya, sawa na kuanza kupanda mlima ukiwa na gia ya juu. Itahitaji kukimbia mbali sana kabla ya kuruka. Nani alikuwa na uwanja mrefu hivyo? Ziwa lilikuwa nao tayari, bila kulipiwa.

Maji nayo yana hila zake. Injini inapoizungusha propela upande mmoja, mwili wa ndege unasukumwa upande wa pili. Aliyewahi kushika drili ya umeme, ikakwama kwenye chuma, anajua mkono unavyopindwa. Kwa ndege za maboya, nguvu hiyo inalizamisha boya moja, na ndege inataka kuzunguka badala ya kwenda mbele. Waingereza, kwenye ndege yao Supermarine S.5 iliyoshinda mbio za ndege za majini za Kombe la Schneider kule Venice mwaka 1927, waliweka mafuta ndani ya boya la kulia ili uzito wake uisawazishe. Castoldi alichukua njia nyingine, na mimi naiona nzuri zaidi. Fiat walimtengenezea injini iitwayo AS.6, yaani injini mbili za silinda 12 zilizopangwa moja nyuma ya nyingine, jumla silinda 24 na lita 50. Kila moja ilizungusha propela yake, na propela hizo zikaenda pande zilizopingana. Msukumo wa hii ukafutwa na msukumo wa ile. Ndege ikanyooka.

Sasa turudi kwenye joto, maana ndilo lililonileta hapa.

Kadiri unavyokimbia ndivyo hewa inavyokuzuia, na haizuii kwa kipimo sawa. Ukitaka kuongeza kasi mara mbili, unahitaji nguvu mara nane. Mwaka 1931 George Stainforth wa Uingereza aliirusha Supermarine S.6B kwa kilomita 655 kwa saa. Kutoka 655 hadi 709 si mbali kwa macho, ni kama asilimia 8 tu. Lakini kama ndege ingebaki ileile, asilimia 8 hiyo ingedai robo nzima ya nguvu zaidi. Na nguvu hailetwi peke yake. Injini ya petroli inageuza sehemu tu ya moto wa mafuta kuwa kazi. Mwingi unatoka kwa ekzosi, na mwingine unabaki kwenye maji na oili, lazima utolewe. Ukitoa nguvu ya farasi zipatazo 3,000 kutoka injini moja, unahitaji rejeta kubwa sana. Na rejeta kubwa ikining'inia kwenye upepo inakula kasi ileile uliyoitafuta.

Kwa hiyo waliifuta rejeta isionekane. Kwenye M.C.72 walitandaza mirija bapa ya shaba juu na chini ya mabawa, maji ya moto yakapita humo, na ngozi ya bawa yenyewe ikawa ndiyo inayopoza. Mabawa hayakutosha, wakaongeza sehemu nyingine juu ya maboya. Kwenye ndege ya Waingereza, oili ilipandishwa hadi kwenye mkia ikapoe huko. Fikirini rubani ameketi katikati ya chombo ambacho kila upande unapitisha kitu cha moto! Hakuna kilichobaki kuwa bawa tu au mkia tu.

Hata hivyo, kilichowakwamisha Waitaliano zaidi ni pumzi ya injini. Ikiwa imefungwa chini karakanani ilinguruma vizuri. Ikipaa na kushika kasi, ilirudisha moto kupitia njia ya kuingizia hewa. Mwaka 1931 marubani wawili, Giovanni Monti na Stanislao Bellini, walifariki wakiifanyia majaribio aina hii ya ndege, na Italia haikufika kwenye mashindano ya Kombe la Schneider mwaka huo. Uingereza ikaruka peke yake na kulichukua kombe likawa lake daima.

Aliyesaidia kuitibu ni Mwingereza, Rod Banks, fundi wa mafuta, yuleyule aliyechanganya mafuta ya injini ya S.6B. Aliona kwamba ndege ikienda kasi, hewa haivutwi tu na injini. Inasukumizwa ndani, na mchanganyiko wa hewa na mafuta unaharibika. Karakanani hakukuwa na upepo huo, kwa hiyo ugonjwa haukuonekana. Wakaleta upepo wenye kasi kwenye injini hapohapo chini, wakaiona kasoro, wakairekebisha. Mwaka 1933 Agello akafika kilomita 682, mwaka uliofuata 709. Mimi kila gari linapoletwa kwangu na dereva akasema linasumbua mlimani pekee, namkumbuka Banks, nalipeleka mlimani.

(Hapa msichana mmoja aliyekaa mbele aliuliza: "Mwalimu, hiyo 709 imeshavunjwa?")

Swali zuri, binti yangu. Kwa ndege zote, ndiyo. Mwaka 1939 Wajerumani waliipita mara mbili kwa ndege za magurudumu, kwanza Heinkel kwa 746, kisha Messerschmitt kwa 755. Kwa ndege za majini zenye injini za pistoni, bado ni ya Agello mpaka leo. Propela za kubadilisha pembe zilikuja, na viwanja virefu vya saruji vikajengwa, basi maboya yakawa mzigo bila faida, na watu wakaacha kuunda mashine kama ile.

Na joto halijaondoka kwenye mbio hizi. Novemba 2021, ndege ya umeme ya Rolls-Royce iitwayo Spirit of Innovation ilifikia kilomita 555.9 kwa saa, karibu sawa na S.6B ilivyokimbia kushinda kombe miaka 90 nyuma yake. Betri zake zina seli zaidi ya 6,000, na kioevu hupitishwa humo kuzipoza. Hakuna petroli wala moshi, lakini maji ya kupoza yapo palepale.

M.C.72 iko kwenye jumba la makumbusho Vigna di Valle, Italia, kando ya Ziwa Bracciano. Sasa njooni mezani. Hii rejeta ya Nissan imeziba na mwenyewe ameniruhusu niikate. Wawili washike huku, tuone mirija yake ndani ilivyo.