Mgongo wa Ua

Walionisikia mara iliyopita watanisamehe, maana nitasema lile lile. Hilo ua unalotaka kulichora kutoka kwenye picha, mgongo wake umeuona? Hujauona. Basi tuanzie hapo.

Nilikuwa na mwanafunzi mwenye mkono mwepesi kweli kweli. Akaniletea ua la haibiskasi alilolichora kutoka kwenye picha ya simuni mwake. Vivuli vimetulia, mishipa ya petali unaweza kuihesabu. Nikaanza kusifu. Kisha nikashika rula, nikakifuata kikonyo kuelekea ndani ya ua. Mstari ukapita kando kabisa, ukatokea kwenye ncha ya petali ya kushoto. Ua limevunjika shingo! Ananiambia, "Mwalimu, kwenye picha ndivyo lilivyo." Sivyo! Kwenye picha kikonyo kimefichwa na petali, kinachungulia kipande tu huko chini, naye akakiunga kwa kubahatisha. Petali zote tano za haibiskasi huanzia kitako kimoja, na ule mnara wa katikati wenye chavua huanzia papo hapo. Kikonyo kipinde kitakavyo, mwisho wake ni kitakoni.

Ndiyo maana siku hizi simruhusu mtu kugusa penseli kabla hajanijibu: petali ngapi, ipi imeilalia ipi, zinakutana wapi? Akishajibu, achore kwa mstari mwepesi hata kile kisichoonekana, apite nyuma ya petali ya mbele mpaka kitakoni. Atafuta baadaye, raba zipo.

Kuna anayenong'ona hapo, "Kumbe picha huzitaki." Nani kasema? Ua hunyauka, jua huhama, picha inakungoja. Karl Blossfeldt, aliyekuwa akifundisha Berlin, alipiga picha za mimea kwa miaka mingi ili wanafunzi wake wajifunzie maumbo, kabla hazijampa umaarufu zilipotoka kitabuni mwaka 1928. Nisichokitaka ni picha moja peke yake. Piga tatu: usoni, ubavuni, mgongoni. Ya mgongoni kila mtu huiona mbaya, na ndiyo inayokuonyesha sepali, vile vijani vinavyolishika ua kwa nyuma, na mahali kikonyo kinapoingia.

Na nyie wa kuweka karatasi juu ya picha na kufuatisha, najua mpo. Fuatisheni, ila mtafuatisha na kosa la kupigia karibu. Ukiisogeza simu karibu mno na ua, petali iliyo mbele hutoka kubwa kuliko wenzake. Rudi nyuma kidogo, upige, halafu uikuze picha.

Nilitaka pia kusema juu ya alizeti, kwamba kila kile mnachokiita petali ya njano pale pembeni ni ua zima, lakini saa inanikimbiza. Waridi jekundu lipigeni picha kivulini, kwenye jua kali kamera humeza mikunjo yote. Rangi tuziache.

Haya, toeni simu, kila mtu na ua lake. Wewe wa nyuma nimekuona. Penseli chini, hujahesabu.