Nani Ataisimamia Filamu Yako?

Kamwene! Wazee wangu, shikamooni. Wanangu, asanteni kwa kuacha shughuli zenu za Jumamosi mkaja kunisikiliza. Nimetoka Mbeya na basi la alfajiri kuja hapa Iringa. Kuanzia Makambako mpaka karibu na Mafinga ukungu ulikuwa umelala barabarani, dereva anakwenda na taa kumekucha kabisa. Nimekaa dirishani nikawa najiuliza ni nani kati yenu ameshaupiga picha ukungu ule.

Mmeniomba nizungumzie matamasha ya kimataifa ya filamu, yanavyochagua na yanavyotoa tuzo. Kwa miaka sita nimekuwa mchujaji wa filamu fupi wa tamasha moja la nje. Sitalitaja, kwa sababu nitasema mambo ya ndani. Nitawaeleza nilichokiona kwa macho yangu.

Tuanze na wingi. Tamasha la Sundance la Marekani, la mwaka 2024, lilipokea filamu fupi 12,098. Zilizochaguliwa zilikuwa 53. Ukigawanya unapata moja katika kila 228. Jaza mabasi manne pale stendi, kisha washushe abiria wote abaki mmoja. Ndiyo nafasi yenyewe.

Hakuna mtu anayeweza kuangalia filamu zote hizo peke yake, kwa hiyo kazi inakwenda kwa ngazi. Ngazi ya chini ni sisi wachujaji. Natumiwa fungu langu, naangalia usiku nyumbani watoto wakishalala, naandika maoni na kutoa alama. Zinazovuka zinakwenda kwa kamati ya uteuzi, na huko ndiko watu wanakobishana hasa. Baada ya hapo anakuja mkuu wa programu, ambaye anapanga siku, kumbi na saa. Huyu anaweza kuiacha filamu nzuri kwa sababu tayari anazo tatu zinazosimulia msiba wa baba. Majaji wa tuzo ni watu wengine kabisa. Wanaletewa zile zilizokwisha kuchaguliwa, wala hawajui zilizobaki nje. Nawaambieni hili kwa sababu nimeona vijana wakilia kwamba majaji wamewakataa, kumbe hakuna jaji hata mmoja aliyewahi kuiona kazi yao.

Sasa lile lililonileta. Watu wanadhani filamu inachaguliwa kwa sababu wengi wameipenda. Mimi nimeona vinginevyo. Filamu ambayo watu watano wote wanasema “si mbaya” huwa inaanguka. Inayovuka ni ile ambayo wawili hawaitaki, lakini mmoja amekaa mbele kwenye kiti anasema, hii haiondoki hapa. Huyo mmoja ndiye mtetezi wako. Hakujui, hujamwona, hujamnywesha hata chai. Anasimama kwa niaba yako kwa sababu kuna kitu kwenye filamu yako ambacho hawezi kukisahau, na ambacho anaweza kuwaeleza wenzake kwa sentensi moja.

Mwaka wangu wa pili ililetwa filamu ya dakika kumi na moja kutoka huku huku kwetu. Mzee mmoja anagema ulanzi, ile pombe ya mianzi. Hakuna kingine kinachotokea. Anafika kwenye mianzi asubuhi na mapema, majani bado yanadondosha umande. Anaushika mwanzi mchanga kwa mkono wa kushoto, anakata ncha kipande chembamba kama ukucha, halafu anatulia. Kamera nayo inatulia. Tone linajikusanya kwenye mkato, linanenepa, linaning'inia, na kabla halijadondoka mzee anameza mate. Pale alipomeza mate mimi niliwakumbuka wazee wangu wote.

Niliipa alama za juu, ikavuka. Kwenye kikao mwenzangu mmoja wa Ulaya akauliza, hadithi yake iko wapi? Mwingine akasema sauti ni mbovu, na kweli ilikuwa mbovu, kulikuwa na mngurumo wa upepo mwanzo hadi mwisho. Wakanigeukia mimi, mtu wa nyanda hizi. Nikasema ni filamu nzuri. Basi. Sikuwa nimejiandaa, sikulisema lile la kumeza mate, nikawaza labda naipenda kwa sababu ni ya kwetu. Ikaanguka. Mpaka leo jambo hilo linaniuma, na tangu siku ile sijaingia kwenye kikao bila kuandika sentensi yangu kwenye karatasi.

Lakini kuna sehemu ya mzigo ule ambayo ilikuwa ya mtengenezaji, nayo ni sauti. Nawasihi, sikilizeni. Picha zenu ni nzuri, simu za siku hizi zina kamera kali. Sauti ndiyo inayotuangusha. Mnarekodi mazungumzo ndani ya nyumba ya bati mwezi wa pili, mvua inanyesha, halafu mnategemea fundi ataitoa mvua wakati wa kuediti. Hatoki mtu hapo. Subirini mvua ikatike, au andikeni mvua iwe ndani ya hadithi, watu wapaze sauti kama tunavyopaza kweli nyumbani. Mtu akiona picha yenye giza kidogo huvumilia. Akikosa kusikia, anaondoa hedifoni. Nimekuwa nikifanya hivyo mwenyewe, saa sita za usiku, nikiwa na filamu nyingine kumi na mbili zinaningoja.

Kuna mambo ya karatasi pia, nayapita haraka. Wimbo wa msanii mkubwa usiuweke bila kibali cha maandishi, maana tamasha litakudai uthibitisho. Ada ya kuwasilisha ikikushinda, waandikie uombe usamehewe, wengi hukubali. Na usikimbilie kuipandisha YouTube: yapo matamasha yanayotaka yawe ya kwanza kuionyesha, na ukishaiweka hadharani umejifungia mlango.

Nije kwenye tuzo. Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la Cannes la Ufaransa, ilianza kutolewa mwaka 1955. Nchi ya Afrika imeichukua mara moja tu: Algeria, mwaka 1975, kwa mkono wa Mohammed Lakhdar-Hamina. Takwimu hiyo inasikitisha, lakini msiibebe kama hukumu. Afrika ina meza zake. FESPACO, tamasha la filamu la Ouagadougou kule Burkina Faso, lipo tangu 1969, na farasi wa dhahabu wa Yennenga anayetolewa pale anaheshimiwa na kila mtu wa filamu barani. Hapa nyumbani Zanzibar ina tamasha la ZIFF na tuzo yake ya Jahazi la Dhahabu, na maonyesho Ngome Kongwe chini ya nyota. Anzieni huko. Vuta N'Kuvute, ambayo Amil Shivji aliitoa kwenye riwaya ya Adam Shafi, ilifika tamasha la Toronto, Kanada, mwaka 2021 ikizungumza Kiswahili, na haikumwomba mtu radhi.

Kisha tazameni tamasha la Berlin, Ujerumani, mwaka 2024. Dubu wa Dhahabu, tuzo kubwa kuliko zote pale, alikwenda kwa Mati Diop, mwongozaji wa Ufaransa mwenye damu ya Senegal. Filamu yake inahusu nini? Vitu 26 vya kifalme vya Dahomey, ufalme wa zamani ulioko Benin ya leo, vilivyochukuliwa na Wafaransa na kurudishwa Benin mwaka 2021. Sanamu moja inazungumza humo ndani, kwa Kifon, ikisimulia giza la kukaa ugenini.

Wanangu, tuko Iringa! Kalenga iko hapo, mtu anafika kwa bajaji. Fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, lilitajwa kwa jina kwenye Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, kifungu cha 246, kwamba Ujerumani ilirudishe. Likarudi mwaka 1954, miaka 35 baadaye, likakabidhiwa Chifu Adam Sapi. Liko kwenye makumbusho, kwenye kioo. Mmepelekwa pale mkiwa shule ya msingi, mkapanga mstari, mkatazama, mkarudi kula mihogo. Jambo lililopewa tuzo kuu kule Berlin, ndugu yake wa tumbo moja amelala Kalenga. Sisemi mkaige. Nasema msije mkaniambia kwamba huku hakuna hadithi za kimataifa.

Dada pale nyuma ameinua mkono muda mrefu. Karibu, mwanangu.

(Msichana wa kitenge cha bluu: “Shikamoo mwalimu. Mimi nina filamu ya bibi yangu, anaongea Kihehe tupu. Wenzangu wananishauri niirudie kwa Kiswahili, au Kiingereza kabisa, ndiyo itaeleweka nje. Nifanyeje?”)

Marahaba. Usiirudie. Souleymane Cissé wa Mali alipata Tuzo ya Jopo kule Cannes mwaka 1987 kwa filamu iliyozungumza Kibambara. Sanamu ya Benin imezungumza Kifon. Pesa uliyotaka kutumia kurudia, mlipe mtu anayejua Kihehe cha wazee na Kiingereza kizuri, mkae naye siku mbili, mwandike tafsiri ya chini ya picha neno kwa neno. Bibi akitania, tafsiri itanie. Akinyamaza, msiandike kitu. Nimeona filamu nyingi zikiuawa na tafsiri iliyofanywa usiku mmoja na mashine. Na bibi, yeye anasemaje anapojiona?

(“Anacheka, halafu anafunika uso kwa mkono.”)

Hilo umelirekodi?

(“Hapana.”)

Basi nenda Jumatatu ukalirekodi. Ninyi wengine mlio na kazi kwenye flashi, nitakuwa kwenye kile chumba kidogo cha kushoto mpaka saa kumi na moja jioni. Nina kompyuta na hedifoni moja. Tutaingia mmoja mmoja, na kila atakayeingia nitamwandikia sentensi yangu kwenye karatasi, aondoke nayo.