Hesabu Saa Zako Kuanzia Mwisho: Kujipangia Matembezi Meli Inapotia Nanga

Ndugu zangu, mwangaluka. Meli ya kitalii ikitia nanga Zanzibar, Mombasa au Shelisheli, abiria ana njia mbili: anunue matembezi yanayouzwa melini, au ashuke ajipangie mwenyewe. Kujipangia kuna unafuu na uhuru, lakini tofauti kubwa haiko kwenye bei. Basi la matembezi ya meli likikwama njiani, kwa kawaida meli hulisubiri. Teksi yako ikikwama, meli inang'oa nanga nawe umebaki nchi kavu.

Ndiyo maana hesabu ya siku inaanzia mwisho. Kwanza ujue ngazi ya meli inapandishwa saa ngapi. Mara nyingi hupandishwa nusu saa au zaidi kabla ya meli kuondoka, na saa hiyo huandikwa kwenye ratiba ya siku na pale mlangoni pa kushukia. Ukishaijua, rudi nyuma saa moja na nusu. Hiyo ndiyo saa yako ya kufika geti la bandari, na akiba hiyo usiile hata kama mahali ni pazuri namna gani.

Halafu kuna mtego wa saa yenyewe. Meli inaandika 16:30, sisi tunasema saa kumi na nusu jioni. Shelisheli wako mbele yetu kwa saa moja. Meli ikitoka huko inaweza kubaki na saa zake, na simu yako ikajibadilisha yenyewe ulipolala. Vaa saa ya mkononi, iweke sawa na saa ya meli, usiiguse tena. Na dereva mwandikie kwenye karatasi: "14:00, saa nane mchana." Maneno matupu hapa ni hatari, kwa sababu mgeni mwenzako akisema "saa mbili" akimaanisha 2:00 mchana, dereva anasikia saa mbili usiku.

Tuichukue Mwanza yetu iwe bandari ya mazoezi. Tuseme meli imefunga gati saa 1 asubuhi na inaondoka saa 11 jioni. Ngazi inapandishwa saa 10 na nusu, kwa hiyo uwe getini saa 9 alasiri. Foleni ya kushuka nayo inakula hadi saa 2 asubuhi. Zile saa kumi ulizodhani unazo zimebaki saba.

Wengi watataka Serengeti kupitia geti la Ndabaka. Ni kama saa mbili za gari kila upande, jumla nne. Zilizobaki tatu, katoe muda wa malipo getini na wa kula. Tena barabara ni moja, ile ya Musoma. Lori likilala katikati huna pa kupita. Mimi nasema hapana, na si kwa woga. Safari isiyo na njia ya pili haifai siku ya meli.

Bujora inawezekana. Iko Kisesa, kilomita kama 20 kutoka mjini, na makumbusho ya Wasukuma pale, yaliyoanzishwa na padri David Clement kutoka Kanada, yana ngoma za watemi ambazo ukizikaribia unaona ngozi ilivyowambwa na mbao zilivyong'aa kwa kuguswa miaka mingi. Toka saa 2, fika saa 3, ondoka saa 5, na saa 6 uko mjini. Kodi gari, daladala inasubiri kujaa na inasimama kila kituo. Patana bei moja ya kwenda, kusubiri na kurudi, utoe nusu tu, nusu nyingine mkisharudi. Dereva aliyekwisha lipwa yote anaweza kupata abiria mwingine ukiwa ndani unatazama ngoma.

Kisiwa cha Saanane, hifadhi ya taifa tangu 2013, kiko jirani kabisa, lakini kiende asubuhi. Mchana nchi kavu ikipata joto hewa yake hupanda, upepo wa ziwani unaingia kujaza nafasi, na boti ndogo zinaanza kurushwa. Usipande bila jaketi okozi lililofungwa mwilini. Wala usikanyage maji ya kina kifupi yenye majani: konokono wa kichocho wanakaa humo.

Bujora na Saanane kwa siku moja? Chagua moja. Safari ya injini iwe moja, baada yake tembea kwa miguu karibu na bandari: kivuko cha Kamanga, Jiwe la Bismarck, sahani ya sato.

Meli isipofunga gati, ikakaa nje na kushusha watu kwa boti ndogo, ongeza saa moja asubuhi, maana wa matembezi ya meli hutangulia. Jioni hesabu kutoka boti ya mwisho, siyo kutoka saa ya meli kuondoka.

Mfukoni uwe na karatasi, kwa sababu simu huzima. Iandike jina la meli, gati, saa ya ngazi, namba ya wakala wa meli bandarini na jina la bandari inayofuata. Beba nakala ya pasipoti, na kwenye mapokezi ya meli uliza kama yenyewe inabaki kwao. Ukiona umechelewa, mpigie wakala ukiwa bado garini, usingoje kufika. Yeye ndiye anayeongea na meli, na meli ikishaondoka ndiye anayejua vitu vyako viko wapi.