Fimbo Nayo Ina Sheria Yake

Mhadhara wa Wiki ya Sheria kwa wanafunzi wa sekondari na wazazi wao, mkoani Kagera

Mkuu wa Shule, walimu, wazazi wenzangu mlioacha migomba yenu asubuhi hii mkaja kutusikiliza, shikamooni wakubwa zangu. Wanangu, hamjambo?

Nimeombwa niseme juu ya Wiki ya Sheria. Kila mwaka, Mahakama inapokaribia kuufungua rasmi mwaka wake mpya mwezi Februari, watu wa sheria hutoka maofisini. Mahakimu huenda mashuleni na magerezani, mahema husimamishwa viwanjani, mwananchi huuliza shida yake bila kulipa, kisha huja Siku ya Sheria yenyewe na hotuba zake. Hayo mnayaona kwenye taarifa ya habari, sitakaa hapo.

Nataka kukaa kwenye fimbo.

Nilipokuwa darasa la tano, jembe la shule lilipotea, na wiki ile zamu ya kufungua stoo ilikuwa yangu. Niliitwa mstarini nikachapwa mbele ya shule nzima, na hakuna aliyeniuliza hata neno moja. Siku ya tatu jembe lilionekana kwa fundi, limepelekwa kutiwa mpini, na aliyelipeleka alikuwa mtu mzima wa pale pale shuleni. Maumivu ya viboko yaliisha jioni ile. Kutoulizwa hakujaisha hadi leo, nami ni mstaafu mwenye wajukuu. Nilikuja kuwa hakimu wa Mahakama ya Mwanzo, na kila aliyesimama mbele yangu nilimsomea shtaka, kisha nikamwuliza: ni kweli, si kweli? Wenzangu waliliuliza swali hilo kwa sababu sheria inataka. Mimi nililiuliza pia kwa sababu ya jembe lile.

Sasa sikilizeni, maana hili wengi hamlijui. Fimbo nayo ina sheria yake. Kanuni za mwaka 2002, zilizotungwa chini ya Sheria ya Elimu, zinasema viboko visizidi vinne. Anayeruhusiwa kuchapa ni mkuu wa shule, au mwalimu ambaye mkuu amemruhusu kwa maandishi. Msichana achapwe na mwalimu wa kike, ila kama shule haina mwalimu wa kike. Na adhabu iandikwe kitabuni. Mimi siipendi fimbo, nalisema mbele ya walimu wangu bila kuficha, na siku kanuni hizo zitakapofutwa nitashukuru Mungu. Lakini hebu zitazameni. Aliyeshika fimbo naye ameshikwa mkono. Ameambiwa mwisho wake ni wapi, na ameambiwa aandike alichofanya ili kesho mzazi au mkaguzi akija, aweze kuuliza.

Wanangu, mkiulizwa utawala wa sheria ni nini, msinijibu kwamba ni wananchi kutii sheria. Wananchi kutii sheria ni jambo jema, lakini hata chini ya mkoloni watu walitii. Mimi nitaangalia kama mwenye nguvu naye anaulizwa: mwalimu, mwenyekiti wa kijiji, baba mwenye nyumba, hakimu mwenyewe. Ndiyo maana hakimu asiporidhisha, hukumu yake inakatiwa rufaa, na mimi zangu zimewahi kutenguliwa. Iliniuma, lakini ndivyo inavyotakiwa.

Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 13, inasema watu wote ni sawa mbele ya sheria. Hiyo mmeikariri kwenye somo la Uraia. Teremkeni hadi ibara ndogo ya 6. Pale inasemwa kwamba haki na wajibu wa mtu vinapoamuliwa na mahakama au chombo kingine chochote kinachohusika, mtu huyo apewe nafasi ya kusikilizwa kwa ukamilifu. Chombo kingine chochote, mmesikia? Mimi nikisoma maneno hayo naiona kamati ya nidhamu ya shule, naiona bodi inayokaa kumfukuza mtoto. Kwa hiyo kabla barua ya kumsimamisha mwanafunzi haijachapwa, mwanafunzi huyo awe ameketi chumbani humo akasema la kwake.

Wazazi, sasa niwageukie ninyi kwa habari ya nyumbani kwetu. Mwaka 1988, Wilaya ya Muleba, mwanamke aitwaye Holaria Pastory aliuza shamba. Alikuwa ameachiwa na baba yake kwa wosia, umri ulikuwa umemwendea, na hakuwa na mtu wa kumtunza. Aliuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Mwanaume wa ukoo wake, Bernardo Ephrahim, akaenda mahakamani kudai kwamba mila ya Kihaya haimruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Na kweli, sheria ya mila ilivyoandikwa mwaka 1963 ilikuwa hivyo: mwanamke ale matunda ya shamba, asiliuze. Mahakama ya Mwanzo ikampa Bernardo ushindi. Mahakama ya Wilaya ikageuza. Mambo yakafika Mahakama Kuu, Mwanza, kwa Jaji Mwalusanya, naye mwaka 1990 akaamua kwamba mwanamke ana haki ya kuuza kama mwanaume, kwa masharti yale yale, kwa kuwa Haki za Binadamu zilikuwa zimeshaingia katika Katiba.

Angalieni jambo moja ambalo watu hulisahau wanapoisimulia kesi hii. Jaji hakuupuuza ukoo. Aliwapa miezi sita wakitaka walikomboe shamba lao kwa kurudisha zile shilingi 300,000, kama ambavyo wangelikomboa kutoka kwa aliyeuziwa na mwanaume. Ukoo ulisikilizwa na mama yule alisikilizwa. Nilipokuwa kijana kazini niliisoma hukumu ile zaidi ya mara moja, nikawaza: mama wa Muleba, na shamba lake moja, ameifanya nchi nzima ijiulize.

Na mabinti, wa siku zenu yupo Rebeca Gyumi, mtetezi wa haki za wasichana aliyeipeleka Serikali mahakamani. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilikubaliana naye kwamba vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971, vilivyoruhusu msichana wa miaka 15 kuozwa kwa ridhaa ya wazazi, vinapingana na Katiba. Serikali ikakata rufaa, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikasema uamuzi ubaki.

Nje pale, chini ya mwembe, kuna meza ya msaada wa kisheria. Wazazi, msiondoke bila kupita. Najua mirathi ndiyo inayowasumbua wengi, basi nendeni na hili kichwani: msimamizi wa mirathi hajarithishwa mali. Amepewa kazi ya kukusanya, kulipa madeni, kugawa, na kuirudishia mahakama hesabu. Akikaa miaka mitano amekalia nyumba ya marehemu, mjane ana haki ya kurudi mahakamani na kusema huyu aitwe ajieleze.

Namalizia kwa mahakama ya kuigiza mliyoiandaa. Nimeisoma jana usiku. Wanangu, mmeandika vizuri, mashtaka yamekaa sawa, hata ile "upelelezi haujakamilika" mmeiweka. Ila katika kurasa zenu sita mshtakiwa ana maneno mawili tu: "Si kweli." Baada ya hapo mwendesha mashtaka anasema, mashahidi wanasema, hakimu anafunga miaka mitatu na watu wanapiga makofi. Mtoto huyu anadaiwa kuiba kidumu cha maji na hakuna aliyemwuliza alikuwa wapi. Nimemwomba mwalimu wa Uraia mpewe nusu saa mwandike upya sehemu moja tu, ya utetezi wake. Hukumu sijaigusa. Mwachieni hakimu wenu aamue akishamsikia, na kama atamwachia huru, basi aandike sababu.

Kalamu zipo mezani kwa mwalimu wa zamu. Mimi nitakaa hapa mbele nikiwasubiri, na Mkuu wa Shule amekubali kukaa nami kwenye benchi la wasikilizaji.