Hirschsprung kwa Watoto: Kinyama Kwanza, Kovu Baadaye

Madaktari wenzangu, wauguzi na wanafunzi, habari za asubuhi.

Mtoto aliyetimiza miezi yake tumboni kwa kawaida hupata choo cha kwanza, kile cheusi cha kunata, ndani ya saa 24. Saa 48 zikipita bila choo, tumbo likajaa na matapishi yakawa ya kijani, fikirini ugonjwa wa Hirschsprung. Humpata takriban mtoto 1 kati ya 5,000. Seli za neva zinazoendesha utumbo hazikufika mwisho wa safari yake mimba ilipokuwa changa, hivyo kipande cha chini hubaki kimejibana na choo hukwama juu yake.

Tangu daktari wa upasuaji Orvar Swenson mwaka 1948, tiba ni kukiondoa kipande hicho na kuuvuta utumbo wenye neva hadi chini. Mwaka 1995 Keith Georgeson na wenzake walieleza njia ya laparoskopi, yaani upasuaji wa matundu madogo kwa msaada wa kamera. Mwaka 1998 De la Torre na Ortega, wa Mexico, walieleza kazi nzima kupitia njia ya haja kubwa, tumbo likabaki bila jeraha.

Ipi bora? Wengi huanza kwa kulinganisha makovu. Mimi nauliza kwanza: kinyama, yaani kipande kidogo cha utumbo cha kupimwa maabara, kimechukuliwa lini?

Kwa laparoskopi, kamera huingia kitovuni, tunaona utumbo uliojibana unapoanza kutanuka, tunachukua kinyama juu ya hapo, maabara wanakigandisha na kukisoma sisi tukisubiri. Wakisema hakuna seli, tunapanda juu zaidi, na bado hatujakata kitu. Ukipita chini peke yake, unaanza kuumenya utando wa puru kabla hujajua neva zinaishia wapi. Picha ya eksirei ya utumbo uliotiwa dawa inaweza kudanganya. Ukikuta utumbo mpana wote umeathirika, umeshajifungia njia nyingine. Tena misuli ya kubana haja hukaa imevutwa muda mrefu, na hiyo ndiyo atakayoitegemea mtoto akianza shule. Hata hivyo, tafiti za kulinganisha njia hizi hazijakubaliana, na njia ya chini ni nafuu, haihitaji mitambo ya gesi na kamera.

Kwetu Afrika Mashariki watoto wengi huja wamechelewa, utumbo umevimba mno, tunaanza na kolostomia, yaani kuutoa utumbo kwenye ngozi ya tumbo ili choo kipitie hapo. Itumieni nafasi hiyo! Chukueni vinyama siku hiyohiyo, patholojia wavisome kwa utulivu. Mpaka wa neva ukishajulikana na kipande kisicho na neva ni kifupi, kupita chini bila laparoskopi ni uamuzi ninaouunga mkono kabisa. Na pasipo kolostomia wala kamera, mkato mdogo kitovuni unatosha kuutoa utumbo nje na kuchukua kinyama.

Wauguzi, hili ni lenu zaidi. Njia yoyote itumike, mtoto akirudi na homa, tumbo limejaa, anaharisha maji yenye harufu kali, msimpe ORS na kumrudisha nyumbani. Hiyo huenda ikawa enterokolaiti, uvimbe mkali wa ndani ya utumbo unaoweza kuua kwa saa chache. Mwekeeni dripu na antibiotiki za mshipani, mwosheni utumbo kwa maji ya chumvi ya vuguvugu kupitia mpira, na mpigieni daktari wa upasuaji usiku huohuo.