Makala 107 za Saratani Zilizobatilishwa kwa Mkupuo

Walimu wangu, ndugu wanafunzi, asanteni kwa kunialika. Aprili 2017 kampuni ya uchapishaji ya Springer ilibatilisha makala 107 za jarida la Tumor Biology kwa mkupuo mmoja. Zilikuwa za utafiti wa saratani, zilichapishwa kati ya 2012 na 2016, na waandishi wake karibu wote walitoka China. Sababu iliyotolewa: uhakiki wake, yaani ile kazi ya wataalamu wengine kuzisoma na kuzipima kabla hazijachapishwa, ulighushiwa.

Sikilizeni ulivyoghushiwa. Majarida mengi humwomba mwandishi apendekeze wataalamu wa kuisoma kazi yake. Basi yakapelekwa majina ya wanasayansi wa kweli, wenye sifa zao, ila anwani za barua pepe zilikuwa za kubuni. Mhariri anadhani anamwandikia profesa, kumbe anayejibu ni mtu mwingine kabisa, na profesa mwenyewe hana habari! Mtafiti mmoja wa mimea dawa wa Korea Kusini alinaswa 2012 kwa hila hiyohiyo, kwa sababu majibu ya wahakiki wake yalirudi ndani ya saa 24. Aliyewahi kuhakiki makala kwa dhati anajua haiwezekani hivyo, tena ni kazi isiyo na malipo.

Siwatetei waliohusika. Lakini daktari wa hospitali kule China alidaiwa machapisho ili apande cheo, huku wagonjwa wamejaa wodini. Wakajitokeza mawakala wa kusahihisha Kiingereza na kuwasilisha makala kwa malipo, na baadhi yao ndio waliopeleka wahakiki bandia. Sharti la machapisho tunalo na sisi vyuoni. Na mhariri naye angeitafuta anwani ya profesa kwenye tovuti ya chuo chake, hila ingefichuka palepale.

Kinachoniuma zaidi ni hiki: kubatilishwa huko hakuthibitishi kwamba matokeo yote yalikuwa ya uongo. Kunatuambia kwamba hatuwezi kuamini kuwa mtaalamu huru aliyapima kabla hayajatufikia. Na maabara nyingine ikijenga juu yake, itateketeza fedha, miaka, na sampuli zilizotolewa na wagonjwa kwa moyo wao.

Kwa hiyo ninyi mnaoandika tasnifu za saratani, leo hii pitieni marejeo yenu. Kila makala ifungueni kwenye tovuti ya jarida lenyewe, msitegemee nakala mliyoihifadhi zamani, mwone kama imewekewa tangazo la kubatilishwa.