Benki ya Maswali Kwanza, Kompyuta Baadaye

(Mhadhara kwa walimu wa shule za msingi na wakufunzi wa vyuo vya ualimu, jijini Mbeya)

Ndugu walimu na wakufunzi, wanaonifahamu wanajua tayari nitakachosema, na sitawaangusha. Kila ninapoalikwa kuzungumzia mtihani wa kompyuta unaomfuata mtahiniwa, yaani ule unaochagua swali linalofuata kwa kuangalia alivyojibu yaliyotangulia, naulizwa kwanza ni kompyuta ngapi zinahitajika, kisha inunuliwe programu gani. Hakuna anayeuliza maswali yenyewe yatatoka wapi.

Alfred Binet wa Ufaransa alipanga maswali yake kwa ugumu tangu mwaka 1905, wala hakuwa na kompyuta. Georg Rasch wa Denmark, katika kazi aliyoichapisha mwaka 1960, alionyesha namna ya kuupima ugumu wa swali na uwezo wa mtu kwa kipimo kimoja. Kwa kanuni yake, taarifa tunayoipata kutoka katika swali ni uwezekano wa kulipata ukizidishwa kwa uwezekano wa kulikosa. Swali ambalo mtoto ana nusu kwa nusu ya kulipata linatupa 0.25, lakini lile ambalo ana uhakika wa asilimia 90 linatupa 0.09 tu. Kwa hiyo maswali 20 yaliyomlenga vizuri yanafanya kazi ya maswali mepesi yapatayo 56. Hapo ndipo wasimamizi wa bajeti hufurahi, na hapo ndipo mimi huwakatiza, kwa sababu hesabu hiyo inasimama pale tu ambapo ugumu wa kila swali unajulikana kwa kuujaribu na si kwa kuukisia.

Chukueni swali hili la Hisabati la Darasa la Sita: "Gunia moja la viazi lina debe sita. Baba ameuza magunia manne. Ameuza debe ngapi?" Walimu waliolipitia walikubaliana kwa kauli moja kwamba ni jepesi. Lilipojaribiwa, mtoto mmoja wa upande wa Uyole, hodari kuliko wenzake wote, aliandika 28, na alipoulizwa akajibu bila wasiwasi kwamba gunia la debe sita hakuna dalali anayelinunua. Mtoto huyo anajua kuzidisha. Anajua na lumbesa, yaani gunia linalojazwa kupita kipimo, hivyo kwake gunia ni debe saba. Katika mtihani wa kawaida angepoteza alama moja, basi. Katika mtihani wetu, kompyuta isiyojua lumbesa ingesema kwamba ameshindwa swali jepesi, ingemshusha, na maswali kadhaa yanayofuata yangetumika kumpandisha tena mahali alipostahili kuwa tangu mwanzo. Swali ambalo hodari wanalikosa kuliko wanyonge halina nafasi katika benki, yaani hazina ya maswali ambayo ugumu wake umekwisha kupimwa, hata kama limeandikwa kwa Kiswahili kizuri na mwandiko mzuri zaidi.

Mtaniambia kwamba mwalimu aliyefundisha miaka ishirini anautambua ugumu wa swali kwa kulitazama. Anautambua kwa darasa lake. Benki inahitaji majibu ya mamia ya wanafunzi, wa Kyela na wa Makete, wa mjini na wa vijijini, ndipo swali lipewe namba yake ya ugumu.

Wapo pia wanaouliza kama ni haki Tumaini apewe maswali magumu na Neema apewe mepesi. Haki ingevunjwa kama tungehesabu idadi ya vema, lakini hatuihesabu. Tunachokadiria ni uwezo, kwa kuzingatia ugumu wa kila swali lililojibiwa, na kwa kweli katika mtihani uliotungwa vizuri karibu kila mtahiniwa atakosa takriban nusu. Waambieni watoto jambo hilo mapema, maana aliyezoea kupata tisini atatoka chumbani akilia.

Kuhusu kuvuja, benki ndogo ni hatari tupu. Mwaka 1994 nchini Marekani, wafanyakazi wa kampuni ya masomo ya ziada walifanya mtihani wa kompyuta wa GRE, ule wa kuombea nafasi ya masomo ya uzamili, wakakariri maswali na kuonyesha kwamba mengi yanaweza kukusanywa upya. Programu ikiachwa huru hupenda maswali yale yale yenye taarifa nyingi, hivyo ni lazima iwekewe kikomo cha mara ambazo kila swali linaweza kutolewa. Ni lazima pia ibanwe kwa mada, la sivyo mtoto atamaliza bila kuiona jiometri.

Naona mwenyekiti anatazama saa. Lini mtihani usimame, na kwa nini mtahiniwa haruhusiwi kurudi nyuma, tutayajadili siku nyingine. Kazi ya benki haihitaji umeme wala intaneti kuanza: tunahitaji karatasi, madarasa na mtu wa kuingiza majibu. Fomu za kukusanyia maswali ziko mezani kule nyuma. Tuanze na sehemu, desimali na asilimia, na tafadhali, chini ya kila swali andikeni mada yake na darasa lake. Yaliyoletwa mara iliyopita bila mada bado yamelala ndani ya boksi.